Majibu Yametoka: Nani Aambiwe, Dawa Ikae Wapi

Wiki ya kwanza baada ya mtu kuambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI ndiyo wiki ya makosa mawili makubwa. Wapo wanaomwambia kila anayeuliza "mbona umenyong'onyea?", na kabla mwezi haujaisha mtaa mzima unajua na mwenye nyumba ameanza kudai chumba chake. Wapo wanaofunga mdomo kabisa na kuapa kwamba hata mke au mume hatajua. Hao huonekana wamefaulu kwa muda. Kisha dawa zinawashinda, si kwa uchungu wala ukali wake, bali kwa sababu hawana mahali pa kuziweka, hawana namna ya kuaga wanapokwenda kliniki, na siku wakishikwa na homa hawana wa kumtuma.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuepuka yote mawili, na unasimama juu ya jambo moja: mtafute mtu mmoja wa kujua, mwambie kwa mpango, halafu ijenge tiba yako ukiwa naye. Wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo, ambazo Watanzania wamezoea kuziita CTC, wanalijua hili tangu dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004. Ndiyo maana mgonjwa anayeanza dawa huombwa amtaje msaidizi wake wa tiba. Wengi huandikisha jina la mtu ambaye hajui chochote, ili tu foleni isonge. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Kabla hujamwambia yeyote

Usimpe mtu habari ambayo wewe mwenyewe hujaielewa. Mengi yanayosemwa barazani kuhusu ugonjwa huu yanatoka enzi za mwanzo, wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walipogunduliwa Kagera mwaka 1983: kukonda, mkanda wa jeshi, kitanda, kaburi. Enzi hizo hapakuwa na tiba. Hata dawa zilipokuja, mgonjwa alisubirishwa mpaka kinga yake ishuke chini ya kiwango fulani ndipo apewe. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni mwingine: aliyekutwa na virusi anaanza dawa, hata kama anabeba magunia sokoni na hajawahi kuumwa kichwa.

Dawa yenyewe kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku, ndani yake mna dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kazi yake ni kuvizuia virusi visizaliane. Vikizuiwa vya kutosha, idadi yake kwenye damu inashuka mpaka mashine ya maabara haivioni tena. Hali hiyo ndiyo inayoitwa virusi kufubaa, na haipimwi kwa kumtazama mtu usoni wala kwa uzito wake. Inapimwa kwa kipimo cha wingi wa virusi, ambacho kwa Tanzania hufanywa takribani miezi sita baada ya kuanza dawa, na baadaye mara moja kwa mwaka mambo yakiwa mazuri. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, watu wazima wenye VVU walikuwa asilimia 4.4, na mkoani Njombe asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa wanatumia dawa, zaidi ya 94 katika kila 100 walikuwa wamefubaza virusi. Walioachwa nyuma hasa ni wale wasiojua hali zao: karibu watu 17 katika kila 100 wenye virusi.

Lililo kubwa zaidi ni hili. Aliyefubaza virusi hadi visionekane hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Haya si maneno ya kutiana moyo. Utafiti mkubwa uliohusisha wenza 1,763 katika nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96. Utafiti mwingine uliofanywa Ulaya, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2016, uliwafuatilia wenza wenye majibu tofauti waliokutana kimwili bila kondomu mara 58,000 hivi, na hapakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyefubaza virusi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likalitamka wazi: virusi visipoonekana, hatari ya kumwambukiza mwenza ni sifuri.

Mtu akilijua hilo, mazungumzo yote yanabadilika. Anayekwenda kumwambia mwenzake "nina virusi" na kuishia hapo amebeba msiba. Anayejua kufubaa anabeba habari ngumu yenye mpango ndani yake.

Tahadhari moja lazima iambatane na hili, kwani imewagharimu watu maisha. Kufubaa si kupona. Kipimo cha haraka cha kidole hutafuta kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya virusi, kwa hiyo kitaendelea kusoma kwamba unavyo hata baada ya miaka kumi ya dawa. Na wakati mwingine kwa mtu aliyetumia dawa muda mrefu kinaweza kusoma vibaya kwamba hana. Aliyekwisha anza dawa hana haja ya kuzunguka vituoni kupima upya. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni za magari katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Miongoni mwao walikuwamo waliorudi nyumbani na kuziacha dawa zao wakiamini wamepona. Virusi huibuka upya baada ya wiki chache tu za kuacha. Anayetaka kuombewa na aombewe, na anayekunywa mitishamba amweleze mhudumu wake ni ipi, lakini kidonge kisikose hata siku moja.

Nani awe wa kwanza

Mke, mume au mpenzi ndiye anayetajwa kwanza, na kwa Tanzania hilo si ushauri tu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyejua kwamba ana virusi amjulishe mwenzi wake mara moja na achukue hatua za kumkinga. Sheria hiyohiyo inamfunga mdomo mhudumu wa afya: haruhusiwi kutoa majibu yako kwa mama mkwe, kwa mwajiri wala kwa kiongozi wa dini.

Lakini kuna tofauti kati ya anayepaswa kujua na anayeweza kukubeba. Mara nyingi ni mtu mmoja. Isipokuwa hivyo, ni busara kuanza na wa pili ili upate nguvu ya kumwendea wa kwanza. Kijana wa chuo anaweza kuanza na shangazi. Mwanamume anayeogopa kuonekana mdhaifu mara nyingi humudu kumwambia dada yake kabla ya kaka yake. Mchunguze unayemfikiria kwa jambo alilokwisha litenda, si kwa ukaribu wenu. Mtu aliyewahi kukuletea siri ya mwingine huku akikusihi usiseme, yako pia ataipeleka mahali. Mtu aliyemuuguza ndugu yake kwa muda mrefu, au mwenyewe anameza dawa za kisukari au presha kila siku, huelewa haraka zaidi kuliko yule anayependwa na wote kwa ucheshi wake.

Wapo pia ambao hawana haja ya kujua kabisa: mwenye nyumba, mwajiri, kikundi cha vikoba, kwaya. Kuwanyima habari hao si uongo. Jirani akiona kopo na kuuliza, jibu la heshima lipo: "Ni dawa zangu za hospitali, mama, nashukuru kwa kuniulizia." Halafu mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mchele.

Namna ya kusema

Mjamzito mmoja kati ya wengi wanaopimwa kliniki ya uzazi anarudi nyumbani na majibu. Yeye ndiye wa kwanza kupimwa katika ndoa hiyo kwa sababu tu ujauzito ulimpeleka kliniki, na hofu yake ni kwamba wa kwanza kupimwa ataitwa wa kwanza kuambukizwa. Maneno yanayomfaa ni machache:

"Baba watoto, leo kliniki nimepimwa. Majibu yametoka, nina virusi. Dawa nimeshaanza, na nesi amesema mtoto anaweza kuzaliwa salama kabisa. Jumatano ameomba twende wote, na wewe upime."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Hakuna kuzunguka, hakuna kilio kinachomfanya msikilizaji abahatishe, na hakuna shutuma. Sentensi ya mwisho inampa mume jambo la kufanya na siku ya kulifanya. Swali litakalofuata linajulikana: "Umeipata wapi?" Hapo wengi huteleza, kwa sababu huanza kujitetea au kulipiza. Jibu la kweli ni hili: "Kipimo hakisemi nani alianza wala lini. Twende na wewe tujue." Na ni kweli hakisemi. Mume huyo anaweza kukutwa hana virusi hata baada ya miaka minane ya ndoa. Wenza wenye majibu tofauti wapo wengi, wala majibu hayo hayamaanishi kwamba kipimo kimekosea au kwamba mmoja wao ana damu ya ajabu.

Wakati nao una uzito. Usiseme usiku, wala akiwa amelewa, wala siku ya mshahara au siku ya ugomvi mwingine. Asubuhi ya siku isiyo na haraka ni bora. Kwa mwanamke ambaye amewahi kupigwa, au anayejua mumewe akikasirika hushika kitu, mpango unabadilika kabisa: asiseme akiwa peke yake nyumbani. Amweleze mshauri nasaha hofu hiyo kwa maneno ya wazi, kwa kuwa ipo njia ambayo kituo chenyewe humwalika mwenza kuja kupima bila kumtaja aliyempendekeza, na ipo njia ya kuambiana mbele ya mhudumu. Kabla ya siku hiyo, awe ameshaweka kwa dada au rafiki nauli, kitambulisho, kadi ya kliniki na dawa za siku kadhaa. Katika vituo vingi vya polisi Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Ajue mapema liko wapi. Kumsukuma mwanamke wa namna hii "aseme ukweli" bila maandalizi ni kumtosa, hata kama anayemsukuma ana nia njema.

Anayeambiwa naye ana wajibu, na hili linawahusu wasomaji wengi zaidi kuliko wanavyodhani. Siku ndugu yako akikuambia, usimuulize aliipata wapi. Muulize dawa anameza saa ngapi na tarehe yake ya kliniki ni lini. Kula naye sahani moja siku hiyohiyo, bila kuitangaza kama sadaka.

Mtoto aliyezaliwa na virusi ana njia yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule waambiwe hali zao, hatua kwa hatua kadiri wanavyoelewa. Washauri wengi huanza na hadithi ya askari: ndani ya mwili wako wapo askari wanaokulinda, yupo mdudu anayewasumbua, na kidonge hiki kinamlaza usingizi. Mtoto wa miaka sita hutosheka na hilo, na wa miaka tisa huanza kuuliza mdudu anaitwaje. Anayefikisha miaka kumi na mbili akiwa bado anaambiwa kidonge ni cha kifua ataujua ukweli kwa kusoma karatasi ya kopo au kwa mwanafunzi mwenzake, na hasira yake itamwangukia mlezi aliyemdanganya. Wengi wa vijana wanaotupa dawa chooni wakiwa shule za bweni walianzia kwenye uongo huo.

Kopo

Hakuna anayejua uzito wa kopo la dawa kama aliyewahi kulibeba kwenye daladala. Ni la plastiki nyeupe, na likiwa na vidonge vya miezi mitatu linalia kama kayamba kila gari likiruka tuta. Wanaotoka kliniki wamebuni njia zao: wengine wanajaza pamba juu ya vidonge visicheze, wengine wanabandua karatasi ya nje kwa maji, wengine wanamimina vyote kwenye mfuko wa nailoni au bahasha ya kaki na kulitupa kopo kabla hawajafika stendi.

Pamba haina shida. Kuondoa karatasi si vizuri, kwani siku ukiugua ghafla, daktari asiyekujua anahitaji kuisoma, lakini unaweza kuipiga picha kabla. Kumimina vyote kwenye nailoni ndiko kunakoharibu. Ndani ya kopo kuna kijipakiti kidogo kilichoandikwa usile. Kazi yake ni kunyonya unyevu, na kidonge kilichofyonza unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hupoteza ubora hata kama rangi yake haijabadilika. Njia nzuri ni kuliacha kopo mahali pamoja pakavu, mbali na jiko na mbali na bati, kisha kutembea na vidonge vya siku chache tu ndani ya chombo kidogo chenye kifuniko kinachokaza. Hapa ndipo yule mtu mmoja anapoanza kulipa: kopo linakaa kwake, au linakaa kabatini bila kufichwa.

Saa ya kumeza ifungwe kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa, kama chai ya asubuhi. Baadhi ya watu hukosa usingizi wakimeza usiku. Hao wahamie asubuhi. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, lakini usimeze viwili kwa pamoja kufidia cha jana. Waislamu wanaofunga Ramadhani hawana sababu ya kuacha: kidonge ni kimoja kwa siku, kinaingia kwenye futari au daku. Pombe haiui dawa, ila humfanya mtu asahau, na kuna dhana iliyoenea kwamba siku ya pombe kidonge kirukwe. Kisirukwe.

Kisha yapo mambo matatu ambayo foleni ikiwa ndefu mhudumu anaweza asiyataje. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, vyenye madini ya chuma, pamoja na vya kalsiamu, huizuia dolutegravir isiingie mwilini vizuri. Vimezwe pamoja na chakula, au dawa ya VVU itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Dawa nyingi za kutuliza tumbo, zile zenye magnesi au alumini, zina shida hiyohiyo, na hizo hata chakula hakiziokoi: ni lazima zitenganishwe kwa saa. Na mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin anahitaji kipimo cha dolutegravir kiongezwe kidonge cha pili cha dawa hiyo kila siku. Ukienda hospitali nyingine kutibiwa kifua, taja dawa unazomeza, hata kama chumba kina watu. Omba kuandika kwenye karatasi kama hutaki kusema. Mwanamke aulize pia kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, kwa kuwa mwenye VVU yuko kwenye hatari mara sita zaidi ya asiye navyo.

Wanaosafiri, na hao ni wengi: wavuvi wanaohama kambi Ziwa Victoria, madereva wa malori wanaolala Makambako au Tunduma, wakulima wanaohamia mashamba ya mbali msimu wa mvua. Aliye imara kwenye tiba anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, na mara nyingine sita. Omba, usisubiri kupewa. Ukikwama safarini, kituo chochote kinachotoa dawa kinaweza kukuhudumia kama mgeni ukiwa na kadi yako. Picha ya kadi kwenye simu ya mtu wako mmoja ni akiba nzuri.

Msafiri wa kwenda Uarabuni anahitaji neno la pekee. Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na nchi jirani za Ghuba hupima VVU kwa ajili ya kibali cha kazi, na anayekutwa navyo hunyimwa kibali au kurudishwa kwao. Wakala anayemwambia binti kwamba akiwa amefubaza virusi "kipimo hakitaona" anampeleka kwenye aibu na deni. Bora kupima kwa hiari nyumbani kabla ya kulipa hata shilingi.

Wasio na virusi nao wana dawa

Aliyekutana na hatari jana, kondomu ikiwa imepasuka, amebakwa au amechomwa na sindano iliyotumika, ana saa 72 za kuanza dawa za kinga, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa hizo humezwa siku 28. Usisubiri Jumatatu, nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo.

Kwa mwenye hatari ya mara kwa mara ipo dawa ya kumeza kabla, iitwayo PrEP. Ushahidi wake mkubwa umetoka hapahapa Afrika Mashariki: wenza 4,747 wenye majibu tofauti kutoka Kenya na Uganda, katika miji kama Thika, Kisumu na Kampala, ndio walioshiriki utafiti ulioonyesha kwamba asiye na virusi akimeza dawa hiyo hatari yake hupungua kwa asilimia 75, na wanaomeza kila siku bila kukosa hukingwa zaidi ya hapo. Kenya ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2017. Tanzania nayo huitoa kwa walio kwenye hatari kubwa, wakiwamo wenza ambao mmoja wao bado hajafubaza virusi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika majaribio yaliyofanyika Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake vijana 2,134 walichomwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwanamke asiyeweza kumeza kidonge mbele ya mumewe atapata ahueni kubwa siku sindano hiyo ikifika kituo cha jirani yake. Anapaswa kuiulizia.

Kwa mama mwenye virusi, mtoto kuzaliwa salama ni jambo la kutarajiwa. Bila hatua zozote, hatari ya mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa hushuka chini ya 5. Anyonyeshe maziwa yake matupu miezi sita huku akimeza dawa bila kukosa, mtoto apewe dawa ya maji ya kinga, na apimwe damu ya kisigino kati ya wiki ya nne na ya sita. Wengi hupotelea hapo: majibu ya kwanza yakiwa mazuri, hawarudi kwa vipimo vinavyofuata, wakati mtoto bado ananyonya.

Asiyejua hali yake hana sababu ya kuogopa macho ya foleni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, Mtanzania anaweza kujipima mwenyewe kwa ute wa fizi, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi. Kipimo hicho kikionyesha virusi, hayo bado si majibu ya mwisho. Yathibitishwe kituoni kwa vipimo vingine. Kikionyesha hamna na hatari ilikuwa mwezi uliopita, rudia baada ya miezi mitatu.

Ukinyanyapaliwa

Kujitangaza hadharani ni jambo lingine kabisa, na halimlazimu mtu. Mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda alijitangaza mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani akihimiza watu, na akafariki Desemba mwaka huohuo. Joe Muriuki wa Kenya alijitokeza katika miaka hiyohiyo, akaishi hadi 2022. Walifungua mlango wengine wapite kimyakimya, na kupita kimyakimya ni haki.

Siri ikivujishwa na mwingine, hasa mhudumu wa afya, usimalize kwa kuhama kituo tu. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyeyasikia. Mpelekee mganga mfawidhi wa kituo, na asiposikia, mratibu wa UKIMWI wa halmashauri. Mtandao wa watu wanaoishi na VVU upo karibu kila wilaya Tanzania kupitia konga zilizo chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Watu wa konga wanazijua ofisi na wanajua nani hujibu. Mwajiri hana ruhusa ya kukulazimisha kupima wala kukufukuza kwa majibu yako. Wakenya wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 2006 iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya VVU, na limekwisha waamuru waajiri na watoa huduma walipe fidia. Watoto wenye VVU wa makao ya Nyumbani, Nairobi, waliingizwa katika shule za serikali mwaka 2004 baada ya makao hayo kwenda mahakamani. Haikutosha kuomba.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo waliachishwa kazi, wakiwamo waelimishaji rika waliokuwa wakiwapigia simu wagonjwa waliokosa tarehe. Baadhi ya vituo vidogo vilivyowahudumia watu kwa faragha vilifungwa. Kwa mgonjwa wa kawaida maana yake ni hii: usitegemee tena kwamba kuna mtu atakutafuta ukipotea. Jua kituo cha pili kinachotoa dawa karibu nawe. Rudi kliniki ukiwa bado na vidonge vya wiki mbili, si kimoja. Andika mahali tarehe ya kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi na majibu yake, na kama mwaka umepita bila kupimwa, kiombe kwa jina lake. Mpe mtu wako mmoja tarehe zako zote za mwaka huu, ili siku ukizidiwa na kazi, msiba au homa, awe yeye wa kusimama dirishani kukuchukulia dawa.